Fundi Anajibu: Kompresa ya plasma ya nyumbani, upepo wa kutosha na mkavu

Maswali ya plasma, ile mashine ya kukata chuma kwa moto wa umeme na upepo, yamekuwa mengi sana, na karibu yote yanaishia pale pale, kwenye kompresa. Mtu ananunua mashine nzuri ya kukatia, anaiunga na kompresa aliyokuwa nayo ya kujazia matairi au kupigia rangi, na kuanzia hapo ni malalamiko tu, mara inazima, mara nozeli (ile ncha yenye tundu moto unapotokea) zinaungua. Kwa hiyo leo ukurasa wote nimewapa nyie wa plasma, tuongelee upepo peke yake.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina plasma ya ampea 40 na kompresa ya HP 2 (nguvu ya mota), ile ambayo mota imeshikana moja kwa moja na pampu, tangi lita 50. Nikianza inakata safi kabisa lakini ikipita dakika moja na kitu hivi moto unakuwa mnene, cheche zinarudi juu, afu taa ya presha inawaka mashine inazima. Rafiki yangu ananiambia nitafute tangi la pembeni la lita 100 niliunge hapo shida itaisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tangi halitengenezi upepo, linautunza tu. Anayetengeneza upepo ni pampu, na hapo ndo shida yako ilipo.

Hebu tupige hesabu ya mashine yako. Plasma ya ampea 40 kwa kawaida inakula kama lita 150 kwa dakika (wengine wanaandika cfm, yaani futi za ujazo kwa dakika, cfm moja ni kama lita 28 kwa dakika, kwa hiyo ni cfm 5 na kidogo). Kitabu cha mashine yako kitakupa namba kamili, shika hiyo kuliko yangu. Kompresa ya HP 2 ya aina yako, hata kama kibandiko kimeandikwa lita mia mbili na kitu, upepo unaofika kweli kwenye mpira ukiwa na presha ni kama lita 110. Sasa umejaza tangi mpaka bar 8 (bar ni kipimo cha presha), umebonyeza tochi, kile kishikio cha kukatia. Mota haiwaki saa hiyo, inasubiri presha ishuke mpaka bar 6 ndo swichi iiamshe. Kutoka bar 8 kwenda 6 ni bar 2, mara lita 50, ni lita 100 za upepo, na mashine inakula 150 kwa dakika, hizo zinaisha kwa sekunde 40. Hapo mota inaamka lakini inazalisha 110 wakati inayoliwa ni 150, kila dakika unadaiwa lita 40. Kutoka bar 6 mpaka 5.5 ambapo plasma inaanza kulalamika una lita 25 tu, zinamalizika kwa sekunde kama 37. Jumlisha: dakika moja na robo hivi. Ndo hiyo dakika moja na kitu yako, mashine haijaharibika wala nini.

Ukiweka lita 100 za ziada unakuwa na lita 150 jumla, utakata karibu dakika nne badala ya moja na robo. Ni msaada, sikatai, na kama kazi zako ni za kukata kipande hapa, unapima, unakata kingine, tangi linaweza kukutosha kabisa kwa sababu linajaa wakati wewe unapima. Lakini deni liko pale pale, na kulilipa ni kusubiri: kujaza lita 150 kutoka bar 5.5 mpaka 8 kwa pampu yako ni dakika tatu na nusu mota inanguruma bila kupumzika. Afu usisahau kwamba plasma ukiachia kitufe upepo unaendelea kutoka sekunde kadhaa kupoza tochi, huo nao unaliwa, usiukatishe kwa kuzima mashine.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakiunganishi na hiki. Kompresa hizi ndogo nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kama nusu ya muda tu, nusu nyingine zipoe. Ukiilazimisha ikimbie muda wote kichwa kinachemka, oili inapenya kwenye upepo, na upepo unaingia tangini ukiwa wa moto. Upepo wa moto unabeba mvuke mwingi wa maji. Yaani kompresa ndogo inakuletea matatizo mawili kwa pamoja, upepo mchache na upepo wenye maji, na hili la pili ndo linakula nozeli.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ningetafuta kompresa inayotoa kweli mara moja na nusu ya kile plasma inachokula. Kwa ampea 40 ni lita 220 au 230 kwa dakika kwenye bar 6 au 7, na hiyo kwa kawaida ni pampu ya mkanda yenye HP 3 na tangi la lita 100. Ya mkanda pampu yake inazunguka taratibu kuliko hizi za moja kwa moja, haichemki haraka, kelele ni kidogo na inadumu. Kama plasma yako ni ya ampea 60 anza kufikiria lita 300 na HP 4 kwenda juu. Kama ni ndogo ya ampea 20 au 30 ya kukatia bati na pleti nyembamba, hiyo HP 2 yako inaweza kufika, ila soma kitabu kwanza. Na kama unakaa nyanda za juu ongeza kidogo, kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya sita kwa hiyo pampu ile ile inavuta hewa pungufu.

SWALI: Habari fundi, nimeona kompresa mbili, moja imeandikwa lita 206 kwa dakika nyingine 170, na ile ya 170 ndo bei kubwa. Muuzaji mwenyewe hawezi kunieleza. Kwa nini nilipe zaidi nipate upepo mdogo?

JIBU: Salama kaka. Inawezekana kabisa ile ya 170 inatoa upepo mwingi kuliko ya 206.

Kuna namba mbili kwenye biashara ya kompresa. Moja ni hewa ambayo pistoni inaimeza kwa hesabu, ukubwa wa silinda mara mizunguko ya mota, hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Nyingine ni hewa inayotoka upande wa pili ikiwa na presha. Katikati inapotea nyingi, valvu zinavujisha, joto linapanua hewa, kuna nafasi juu ya pistoni ambayo haisukumwi yote. Kwa hizi za nyumbani unabaki na kama asilimia 60 mpaka 75. Kwa hiyo 206 ya kumeza ni kama 125 mpaka 150 ya kutoka. Ukiona mtengenezaji kaandika namba ndogo na pembeni yake kaandika kwenye bar ngapi, mara nyingi huyo anakuambia ya kutoka. Namba isiyotajiwa presha yake usiitegemee.

HP nayo isikubabaishe, watu wanaandika HP ya mota wakati inaamka ambayo haidumu hata sekunde. Angalia kibao cha mota chenyewe, kilowati na ampea zake. HP moja ya kweli ni karibu wati 750, na kwa kukadiria inakupa kama lita 85 mpaka 110 kwa dakika kwenye presha ya kazi.

Ukipata nafasi ya kuiwasha kabla ya kununua, pima mwenyewe, haihitaji kifaa chochote zaidi ya simu. Funga koki ya kutolea upepo, acha tangi lijae, afu achia upepo kidogo kidogo mpaka mota iamke, funga tena. Angalia geji, ikipita bar 6 anza kuhesabu muda, ikifika bar 8 simamisha. Tangi la lita 50 kutoka 6 mpaka 8 ni lita 100. Ikichukua sekunde 60, inatoa lita 100 kwa dakika. Ikichukua sekunde 40, inatoa 150. Kama ni kompresa iliyotumika fanya hivi ikiwa imeshapata moto, maana pampu iliyochoka inajionyesha hapo, ikiwa baridi inaweza kukudanganya.

SWALI: Fundi, mimi nozeli na elektrodi zinaniisha vibaya mno. Mwenzangu mwenye mashine kama yangu anabadilisha mara chache, mimi ni kila siku. Nimeweka filta ya maji pale pale kwenye kompresa inapotokea upepo, na huwa nikiifungua haina maji kabisa kwa hiyo najua upepo wangu ni mkavu. Shida ni nozeli feki?

JIBU: Nozeli feki zipo, lakini hiyo filta kavu ndo imenifanya nikae vizuri nikujibu kwa urefu, kwa sababu hapo wameumia wengi.

Filta hizi za kawaida zinazungusha upepo ili matone ya maji yarushwe pembeni yadondoke chini. Zinashika matone. Mvuke hazishiki. Na pale kwenye mdomo wa kompresa upepo ukiwa bado wa moto, maji yote yako kwenye mvuke, yanapita katikati ya filta yako kama hayapo. Afu upepo unatembea kwenye mpira, unapoa, mvuke unageuka matone, na matone yanakutana na moto wa plasma ndani ya tochi. Filta yako iko kavu kwa sababu maji yameshapita.

Uone ukubwa wake. Hewa ya nyuzi 30 ikijaa maji inabeba gramu 30 hivi kwa kila mita moja ya ujazo, ya nyuzi 60 inabeba kama 130, ya nyuzi 20 inabeba 17 tu. Siku ya joto na unyevu wa asilimia 80, plasma inayokula lita 150 kwa dakika ikifanya kazi saa nzima inavuta mita 9 za ujazo, ndani yake kuna zaidi ya gramu 200 za maji. Glasi nzima. Ukikandamiza hewa hiyo mpaka bar 8 na ikapoa ikarudi nyuzi 30, inaweza kubaki na gramu 30 tu kwenye mvuke, zote zilizobaki zinakuwa maji ya kutiririka na lazima yaishie mahali fulani. Swali ni wapi, kwenye tangi, kwenye filta, au kwenye tochi yako.

Kwenye tochi kuna kipande cha shaba, ndo elektrodi yenyewe, katikati yake kuna doa dogo la madini yanayoitwa hafniamu, ndo linalobeba moto. Kila unapowasha linalika kidogo, hiyo ni kawaida, linachimbika kashimo ka duara katikati, na kakifika kina cha milimita 1.5 hivi unabadilisha. Maji na oili vinaharakisha hiyo kazi vibaya sana, moto unayumba, unagusa ukuta wa nozeli, tundu linapanuka au linakuwa yai, na tundu likishakuwa yai mkato unaenda mshazari hata ufanye nini. Chukua elektrodi yako ya jana na nozeli yake uviangalie kwenye mwanga vizuri. Shimo likiwa la duara katikati ila limekwisha tu, hapo huenda ni matumizi: kuwasha na kuzima mara nyingi, kutoboa pleti nene tochi ikiwa imegusa chuma, au kutumia nozeli ya ampea ndogo kwenye ampea kubwa. Likiwa limeenda upande na ndani ya nozeli kuna weusi wa kunata, ni upepo wako.

Kupima ni rahisi. Fanya kazi kwanza kama robo saa ili kompresa ipate moto, usipime asubuhi ikiwa baridi. Afu zima plasma, chomoa mpira nyuma yake, elekeza upepo kwenye karatasi nyeupe kwa sekunde kadhaa, miwani usoni. Karatasi ikilowa au ikipata madoa ya njano yanayopitisha mwanga, umepata jibu, la kwanza ni maji la pili ni oili.

Dawa ni kuupoza upepo kabla ya kuuchuja. Hamisha ile filta iende mwisho, karibu na plasma. Kati ya kompresa na filta weka bomba la chuma au shaba la mita 7 mpaka 10, linaweza kupanda na kushuka ukutani kama huna nafasi, kila linaposhuka chini weka koki ya kutolea maji, na pale unapochukua upepo kwenda kwenye mashine toa tawi kwa juu ya bomba sio kwa chini, maji yanatembea chini. Wengine wanaweka kipoza cha mapezi na feni kati ya pampu na tangi, hiyo ni nzuri zaidi kwa sababu maji yanabaki tangini ambako unayatoa kwa koki. Baada ya filta ya maji weka filta nyembamba ya oili, zile zinazoandikwa maikroni 0.01, na mwisho kabisa silika jeli, zile chembe za kukausha hewa. Silika ndo peke yake kati ya hivi vitatu inayoshika mvuke, ila isikutane na maji ya matone wala oili, maji yataimaliza kwa siku moja na oili inaiua moja kwa moja, ndo maana inakaa mwisho. Inabadilika rangi ikishiba, unaikausha kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi inarudi. Chukua ile ya rangi ya machungwa, ya bluu mara nyingi ina kobalti ambayo ni sumu, na vyovyote vile usitumie oveni ya chakula.

Na tangi toa maji kila siku ukimaliza kazi, acha presha kidogo ibaki ndani iyasukume. Maji yakilala humo tangi linaoza kwa ndani ambako huoni, na tangi lililooza likipasuka linaua. Sio maneno ya kutisha, ni chuma chenye tani za msukumo kinachobaki unene wa karatasi.

SWALI: Je nikinunua kompresa isiyotumia oili si nitakuwa nimeondokana na haya mambo ya filta?

JIBU: Ya oili ndio, ya maji hapana. Maji yanatoka kwenye hewa ya chumba, sio kwenye pampu. Zile za kimya zenye mota mbili au tatu juu ya tangi moja ni nzuri kwa nyumbani, majirani watakupenda, ila piga hesabu ya lita kama nilivyoeleza na kifaa cha kutoa maji kinabaki pale pale.

SWALI: Mambo vipi fundi. Mimi nina kompresa mbili za HP 2, moja yangu moja ya kaka yangu. Naweza kuziunga pamoja badala ya kununua kubwa?

JIBU: Poa kabisa, na ndio unaweza, ni njia nzuri ya kuanzia. Lita zinajumlishana, 110 na 110 unapata 220, plasma ya ampea 40 inashiba na matangi nayo yamejumlishana. Weka kiungo cha njia tatu, kila upande uwe na valvu ya kuzuia upepo usirudi ili moja ikizimwa nyingine isiijaze kinyume, na kila moja ibaki na valvu yake ya usalama. Swichi za presha zipishanishe kwa nusu bar, moja iamke kwenye 6.5 nyingine kwenye 6, la sivyo zitaamka kwa pamoja na breka itaruka. Bora zaidi kila moja iwe na laini yake ya umeme.

Sasa naongeza kitu ambacho hujauliza ila wengi wanakifanya: usitumie mtungi wa gesi ya kupikia, mtungi wa friji au wa kuzimia moto kama tangi la ziada. Hauna koki ya kutoa maji, hujui kilichobaki ndani, na utalazimika kuuchomelea ili uweke kiungo. Tangi la presha halichomelewi wala kutobolewa na fundi wa kawaida, hata liwe na kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Likitoboka limekufa.

SWALI: Geji ya regyuleta yangu (kile kifaa cha kurekebisha presha) inasoma bar 6 kabisa lakini nikibonyeza tochi moto unashindwa kuwaka au unakatika katika. Kompresa ni kubwa, HP 3 mkanda, tangi 150. Nimechanganyikiwa fundi.

JIBU: Angalia ile geji wakati upepo unatoka, usiiangalie ukiwa umesimama. Presha ya upepo uliosimama haikuambii chochote kuhusu njia, hata mpira uliobanwa na gurudumu la gari utasoma bar 6 kama mwisho umefungwa. Weka mashine kwenye sehemu ya kupima upepo kama inayo, au bonyeza tochi, uone sindano inashuka mpaka wapi. Ikianguka kutoka 6 mpaka 4 kuna mahali njia ni nyembamba.

Kwa kawaida ni mpira. Ile ya rangi inayojikunja kama springi kwa ndani ina milimita 5 au 6, ni ya kupulizia vumbi, sio ya plasma. Weka wa milimita 10 kwa ndani, usizidi urefu unaohitaji, na ukivuka mita 20 na kitu panda mpaka 13. Kapla za kuchomeka haraka nazo zina kikoo chembamba ndani, kila moja inakula presha yake, mtu anaweka tatu mfululizo afu anashangaa. Ukiweza, upande wa mashine funga nati ya kukaza, kapla iwe moja tu. Angalia filta pia kama kitambaa chake kimejaa uchafu. Afu pitisha povu la sabuni kwenye viungo vyote.

Ukishasafisha njia ndo unarekebisha regyuleta, upepo ukiwa unatoka, mpaka ifike namba ya kitabu. Mashine nyingi za nyumbani zinataka bar 4.5 mpaka 5.5 (bar moja ni psi 14.5, msichanganye geji). Tochi nyingi zinategemea upepo wenyewe kuisukuma elektrodi iachane na nozeli ndo cheche itokee, upepo ukiwa dhaifu havitengani, ndo hiyo ya kwako inayoshindwa kuwaka. Ila usikimbilie kuizidisha, presha kubwa sana inapuliza moto na kuzima, na elektrodi inakwisha upesi.

SWALI: Mabomba ya plastiki ya maji yameandikwa yanahimili bar 16, naweza kuyatumia kupitisha upepo karakana nzima?

JIBU: Usitumie, tafadhali. Hiyo 16 ni ya maji. Maji hayakandamiziki, bomba likipasuka yanavuja tu. Upepo umekandamizwa, PVC ikipasuka inavunjika vipande vikali vinavyoruka kama risasi, na joto la kompresa pamoja na oili vinaidhoofisha mwaka hadi mwaka bila kukuonyesha dalili. Bomba la chuma, shaba, au yale ya aluminiamu yaliyotengenezwa kwa upepo. Na kati ya kompresa na bomba weka kipande kifupi cha mpira wa presha, mtikisiko usikatie viungo.

SWALI: Kuna plasma zenye kompresa ndani yake. Mimi kazi zangu ni za kwenda kwa wateja, kukata mageti na vyuma vya madirisha. Dada mmoja fundi ananiambia nisiguse hizo. Unasemaje?

JIBU: Kwa kazi yako mimi ningeiangalia vizuri kabla ya kuikataa. Mtu anayezunguka, chuma chembamba, vipande vifupi vifupi, kubeba mashine moja badala ya mashine na kompresa na mpira ni nafuu kubwa mno. Lakini huyo dada naye ana sababu. Kompresa ya ndani ni ndogo, inaishi kwenye joto la mashine yenyewe, na nafasi ya kuchuja maji ni kidogo, kwa hiyo siku za unyevu mwingi nozeli zitakwisha haraka zaidi. Muda wa kukata kabla haijaomba kupumzika ni mfupi, na pleti nene inaikamata. Kama kuna ambayo ina pia mdomo wa kuunga upepo wa nje, chukua hiyo, nyumbani unatumia kompresa kubwa, safarini ya ndani. Kama kazi yako ingekuwa kukata pleti ya milimita 10 mezani siku nzima ningekuambia achana nayo bila kufikiri mara mbili.

SWALI: Kila kompresa ikiamka katikati ya mkato, taa zinafifia, plasma inakatika na mara nyingine breka inaruka. Umeme wangu ni wa volti 230.

JIBU: Plasma ya ampea 40 ikiwa kwenye moto wake wote inavuta ampea 22 mpaka 25 hivi kutoka ukutani. Kompresa ya HP 2 inavuta kama 10 ikitembea, lakini ile sekunde ya kuamka inaweza kuvuta mara tano au sita ya hapo. Vyote kwenye soketi moja, au vibaya zaidi kwenye ekstensheni moja, haviwezi kukaa. Mwite fundi umeme akupe laini mbili, kila moja na breka yake na waya wa unene unaostahili. Kompresa isogeze karibu na umeme, urefu uongeze kwenye mpira wa upepo badala ya waya, mota inayoamka kwenye waya mrefu mwembamba inaungua taratibu mpaka siku inakufa. Sikiliza pia kompresa ikizima, inatakiwa itoe ule mlio mfupi wa pssss. Huo ni upepo uliokwama juu ya pistoni unaachiwa ili kuamka kwake kesho kuwe kwepesi. Kama hausikii, kivalvu kidogo kwenye swichi ya presha kimeziba na mota yako inaamka ikiwa imebeba mzigo, hapo lazima breka iruke.

Na usiiweke pale cheche zinapoangukia. Vumbi la grenda na moshi wa plasma vinaingia kwenye filta ya hewa ya pampu, vinasaga pistoni.

SWALI: Fundi mimi sina kompresa ila nina mtungi wa oksijeni wa kukatia gesi. Oksijeni si ndo inachoma chuma vizuri zaidi? Naweza kuiunga kwenye plasma? Na nitrojeni je, maana nikikata na upepo afu nikachomelea napata vitundu tundu kwenye weldi?

JIBU: Oksijeni hapana, usijaribu hata kidogo kwenye mashine iliyotengenezwa kwa upepo. Ndani ya tochi na mipira kuna plastiki, raba na mabaki ya oili, na oili ikikutana na oksijeni ya presha inawaka yenyewe. Zipo plasma za viwandani zinazotumia oksijeni lakini zimejengwa kwa hiyo kazi tangu mwanzo.

Nitrojeni ndio, kama kitabu cha mashine kinaruhusu, na ni kavu kabisa, haina maji wala oili. Ila hesabu: mtungi wa lita 50 uliojazwa bar 200 una kama lita 10,000, ukila 150 kwa dakika ni saa moja na dakika chache za moto. Ni sawa kwa kazi za hapa na pale. Milango iwe wazi, nitrojeni ikijaa chumbani inafukuza hewa ya kupumua na haina harufu ya kukuonya. Na usitumie regyuleta ya gesi ya kuchomelea, ile yenye kipimo cha lita, nyingi zinaishia lita 25 au 30 kwa dakika, plasma haitawaka. Tafuta ya presha inayopitisha upepo mwingi.

Kuhusu vitundu, hapo nitrojeni haitakusaidia, kwa sababu nitrojeni ndo inayovisababisha. Upepo tunaovuta robo tatu na zaidi ni nitrojeni, inaingia kwenye ukingo wa chuma wakati kimeyeyuka, na ukichomelea juu yake inatoka inaacha vitundu. Pitisha grenda kwenye ukingo uliokatwa, ondoa kama nusu milimita mpaka uone chuma cheupe, ndo uchomelee.